Mwaka Niliokula Nyumba Mbili

Mwezi uliopita nilipata mgeni ambaye sikumtarajia. Gari lilisimama mbele ya geti langu hapa Bunju, akashuka mama wa makamo aliyejitanda ushungi wa zambarau, na nyuma yake vijana wawili warefu, wanawe. Walikuja kwa biashara. Walitaka nikawafungie chumba cha baridi kwenye duka lao la samaki, na aliyewaelekeza kwangu alikuwa amewaambia kwamba kwa kazi hiyo, upande wote huu wa barabara ya Bagamoyo, hakuna fundi mwingine. Aliwaambia kweli. Nina diploma ya mitambo ya baridi niliyoipata Ulaya, kwa lugha ambayo sikuzaliwa nayo, nikisoma mchana na kuosha vyombo hotelini jioni. Nimeitundika sebuleni juu ya televisheni, mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa. Yule mama aliisogelea, akalisoma jina langu polepole, kisha akageuka na kunitazama kuanzia kipara mpaka viatu. “Festo?” akasema. “Festo wa kwetu Kinondoni? Wa chumba cha mwisho?” Kabla sijajibu akawageukia wanawe. “Nyie, msije mkaongea na huyu mmojammoja. Kaeni hapa wote wawili. Neno atakalomwambia mmoja, mwenzake alisikie palepale.” Alikuwa Farida, binti wa marehemu Bi Zuhura. Tulicheka mpaka chai ikapoa, na vijana wakabaki wanatutazama kama watu waliokosea nyumba. Chumba cha baridi nimewafungia, na kinafanya kazi kama saa. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikiurudia kichwani ule mwaka mmoja nilioishi kwao, na nimeona niuandike wote kama ulivyokuwa, hata sehemu zisizonipendezesha.

Ya wazazi wangu na kijiji nilikozaliwa nayaruka. Mtu aliyejitengeneza mwenyewe hana haja ya kuanzia kwa babu. Itoshe kusema nilitoka bara, kwenye baridi, nikiwa na miaka ishirini na miwili, nikapata kazi kwenye karakana ya mafriji na chumba ndani ya nyumba ya Kiswahili huko Kinondoni. Mbele palikuwa na duka la Mzee Nassor, mwenye nyumba, Mwarabu wa hapahapa ambaye babu yake alianza kuuza sukari na mafuta ya taa kabla mtaa haujawa mtaa. Kutoka dukani ilianza korido ndefu ya sakafu nyekundu, yenye vyumba huku na huku, ikatokea uani penye jiko, bomba na kamba za nguo. Upande wa kulia alikaa Mzee Nassor na mkewe Bi Zuhura, pamoja na Farida, ambaye alikuwa amechumbiwa na harusi yake imepangwa baada ya Idi. Upande wa kushoto, mlango ukitazamana na wao, alikaa Mama Upendo, mwalimu wa shule ya msingi, Mkatoliki aliyetoka Songea. Alikuwa mjane, na mwanawe Upendo alisoma bweni, kwa hiyo siku nyingi alikuwa peke yake na madaftari ya watoto wa watu. Alikuwa amepanga pale miaka kumi na minne. Mimi nilikaa mwisho wa korido, chumba chenye dirisha moja lililotazama jiko. Dirisha hilo lilinitesa sana, kwa sababu sikuwa nikijua kupika hata chai, na kila harufu ya uani iliingia kwangu bila kubisha hodi.

Nilipohamia, wale kina mama wawili walikuwa na miezi miwili hawasemeshani. Kabla ya hapo, nilivyosikia, walikuwa chanda na pete. Mwalimu ndiye aliyemfundisha Farida kusoma, akimpakata mapajani kwenye kibaraza cha uani. Kilichowakosanisha kilikuwa kitu kidogo cha siku ya posa. Wageni walipokuja, ndugu wa kike wa Bi Zuhura waliitwa chumbani kukaa na binti, na mwalimu hakuitwa. Alikaa uani na wapishi wa kukodi, akimenya vitunguu mpaka wageni wakaondoka. Bi Zuhura alidhani ameamua mwenyewe kukaa jikoni, kama alivyozoea kusaidia kila shughuli. Mwalimu alidhani ameonyeshwa nafasi yake ya mpangaji. Hakuna aliyeuliza. Kila mmoja alimsubiri mwenzake aanze, na kila siku iliyopita ilikuwa ushahidi kwamba mwenzake ana kiburi. Walipokutana koridoni mmoja alijibana ukutani, wakapishana kama ndoo mbili bombani.

Hapo ndipo mimi nilipopata riziki yangu. Jioni ya kwanza Bi Zuhura aliniona nimekaa kwenye ngazi ya uani na mkate mkavu, akasema, “Mwanangu Festo, mtoto wa kiume hali mkate kama mgonjwa. Njoo.” Akanipa wali na samaki wa kupaka. Nilipokuwa katikati ya sahani akauliza kama hataki kujua, “Na huko ng’ambo vipi? Mwalimu hajambo?” Kesho yake mwalimu akanisimamisha mlangoni kwake: “Wewe si mtoto wa kule kwetu juu? Basi usife njaa mimi nipo.” Akanipa ugali, dagaa na mlenda, chakula kilichonikumbusha nyumbani. Kabla sijanawa akauliza, “Bibi yule anasemaje? Maandalizi yanaendelea?” Mara nne tano za kwanza nilijibu kweli: hajasema kitu. Nikagundua kwamba kwa jibu hilo hupewi nyongeza. Siku moja mwalimu aliniambia, kwa huruma kabisa, “Nimemwona Farida dirishani, amekonda yule mtoto. Anakula kweli?” Jioni nikamwambia Bi Zuhura, “Mwalimu anasema Farida amekonda. Anauliza kama huku anapewa chakula.” Bi Zuhura akaweka upawa chini. “Ati nini? Mie namnyima mwanangu chakula?” Na kwa hasira zake akanijazia sahani mara ya pili, apate kunisimulia mpaka mwisho.

Nimefikiri sana juu ya jambo hilo, na nadhani leo naweza kulieleza kuliko watu wengi, kwa sababu ya kazi yangu. Watu hudhani friji hutengeneza baridi. Haitengenezi. Friji huondoa joto lililomo kwenye kitu, ikalimwagia nje, na kinachobaki ndicho tunachokiita baridi. Mimi sikuwahi kubuni neno hata moja mwaka ule. Niliyachukua maneno kwenye mlango mmoja, nikayaondolea joto lake njiani, nikayafikisha kwenye mlango wa pili yakiwa baridi. Mtu akiuliza ndumilakuwili ni nani, watamwambia ni yule nyoka mwenye kichwa kila upande, au ni mwongo anayesema hivi hapa na vile kule. Mwongo ni rahisi kumkamata. Mimi usingeweza kunikamata, kwa maana kila nilichokisema kilikuwa kimesemwa. Na juu ya hayo nilijipa sifa. Kila upande nilidai kwamba ninamtetea. “Mama, mie najitahidi kuwasuluhisha,” nilimwambia Bi Zuhura, “ila mwalimu ni mgumu.” Kwa mwalimu nilisema hivyohivyo nikigeuza jina. Nilinenepa. Kwenye karakana mwenzangu, fundi Mbwana, mzaliwa wa Temeke, mtu wa maneno makali na mkono mwepesi, alinitazama tumbo akasema, “Wewe Festo, umeoa kimyakimya?” Nikamwambia nina wake wawili na hakuna aliyeniomba talaka. Nilijiona mjanja wa kwanza kuzaliwa tangu mji ujengwe.

Ramadhani ikaingia. Jioni ya siku ya kwanza Bi Zuhura aliniita kabla adhana haijalia. Mezani palikuwa na mihogo ya nazi, tambi, samaki wa kukaanga na bakuli la kaimati zinazong’aa kwa shira. Alikuwa amepakua sahani moja pembeni, sahani yake nzuri ya kaure yenye maua ya buluu, ile iliyokaa kabatini mwaka mzima. Akaifunika kwa kawa. “Miaka kumi na minne sijafungua mwezi huu bila yule mtu kuonja changu,” akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba. “Nimeshindwa, Festo. Mpelekee mwalimu. Mwambie Farida hana mama mmoja.” Farida alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Nilimwona anafuta macho.

Kutoka mlango ule mpaka mlango wa mwalimu ni hatua sita. Mlango wake ulikuwa nusu wazi. Nilimwona amekaa kwenye kiti, anasahihisha madaftari na kalamu nyekundu, miwani imeshuka puani. Nilisimama katikati ya korido na sahani ya moto mikononi, nikahesabu. Neno hili likifika, atavuka. Akivuka, watakaa. Wakikaa, wataanza: wewe ulisema hivi, mie sikusema hivyo. Na mtu atakayetajwa mwisho wa kila sentensi ni mmoja. Sikukaa sana pale. Nilimpita mwalimu, nikaingia chumbani kwangu, nikafunga mlango kwa komeo na kuila futari yake yote mpaka shira iliyobaki chini. Sitadanganya: ilikuwa tamu. Halafu, kwa kuwa nimelelewa vizuri na ni mtu msafi tangu utoto, niliipeleka ile sahani bombani, nikaisugua kwa majivu na sabuni mpaka maua yakawaka, nikaifuta kwa shati langu safi, nikamrudishia mwenyewe.

“Amesemaje?” Bi Zuhura akauliza. Alikuwa amesimama.

“Hajasema kitu, mama.” Neno la kweli kabisa.

Akaitazama sahani. Akaigeuza, kama mtu anayetafuta kitu kilichonasa chini yake. “Ameiosha?”

“Imeoshwa, mama. Vizuri.”

“Tupu?”

Nikadhani ananisifu kwa usafi. “Tupu kabisa,” nikasema.

Bi Zuhura akaiweka sahani kabatini, akafunga kwa ufunguo, na futari yake hakuigusa tena. Mzee Nassor alimbembeleza ale, akasema ameshiba. Mimi nilirudi chumbani nikijua nimevuka salama, ila sikuelewa kwa nini nyumba ilikuwa kimya kuliko kabla. Siku tatu hakuniita kula. Ya nne aliniita, lakini hakunikaribisha kukaa. “Kamwambie mwalimu,” akasema, “Idi ikipita simtaki nyumbani kwangu. Atafute vyumba. Na harusi nitaifanyia kwa kaka yangu Temeke, nisije nikatazamana naye siku hiyo.”

Nilimsimulia Mbwana kazini, nikiwa nimeinama nyuma ya friji, nikilalamika kwamba watu wa pwani hawaeleweki: mtu anarudishiwa sahani yake safi, anakasirika. Mbwana akaacha kufungua skrubu. “Subiri. Siku ya kwanza ya mfungo? Ikarudi tupu?”

“Safi, nakwambia. Niliifuta na shati.”

“Na bibi anajua imetoka kwa yule mwalimu?”

“Ndivyo anavyojua.”

“We kaka!” Akajipiga paja. “Sahani ya jirani hairudi tupu. Hata kama huna kitu unatia chumvi, unatia ndimu mbili, unatia sukari kwenye karatasi. Ukiirudisha tupu umesema: chako nimekila, na mimi na wewe basi. Ukiiosha ikang’aa ndiyo umeapa. Mwalimu kakaa pale miaka kumi na minne, haijui hiyo? Anaijua! Kwa hiyo bibi kaelewa kabisa ametukanwa na mtu anayejua anachofanya. Wewe umemtukanisha mwanamke wa watu bila kufungua mdomo. Hongera.” Akarudi kwenye skrubu zake. Baada ya muda akaongeza, “Kula umekula, braza, lakini hata paka akiiba samaki haoshi sahani.”

Ujumbe wa kuhama niliufikisha kama ulivyo. Huo sikuuondolea wala kuuongezea, na nilishangaa jinsi ujumbe ulionyooka unavyokuwa mzito mdomoni. Mwalimu aliusikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. “Nimemkosea nini tena?” akauliza, na alikuwa ananiuliza mimi kweli, kama mtu niliyekuwa na jibu. Nilikuwa nalo. Nikasema sijui. Jumamosi iliyofuata, alasiri, nilimkuta amefunga vitabu kwa kamba za katani, mafungu matano yamepangwa kando ya mlango. Kitandani alikuwa ametandaza foronya nne nyeupe, zimetariziwa waridi kwenye pembe, na jina la Farida katikati kwa uzi wa kijani. Alikuwa amezianza mwaka uliotangulia, kabla hata ya posa, na alizimalizia usiku mmoja mmoja nilipokuwa nalala nimeshiba. “Mpelekee mtoto,” akasema. “Si lazima aseme zimetoka wapi. Na wewe Festo usimwambie mama yake neno lolote. Atakuelewa vibaya, atakuchukia bure. Umehangaika sana kutupatanisha, mwanangu. Mungu ameona.”

Hapo ndipo niliposhindwa. Angenitukana ningezipokea zile foronya, ningezifikisha, Idi ingepita, mwalimu angeondoka na hakuna ambaye angejua mpaka leo. Lakini kunishukuru! Nilitoka koridoni nikiwa nimezibeba kifuani, bega likiegemea ukuta, mimi ninayepanda leo juu ya mapaa ya maghala bila kamba. Bi Zuhura alikuwa amekaa mlangoni kwake anachambua mchele kwenye ungo. Nikasimama katikati, zile hatua tatu huku na tatu kule, nikaita kwa sauti iliyopasuka, “Mama Upendo! Toka kidogo. Bi Zuhura, usiingie ndani. Ile sahani niliila mimi.”

Bi Zuhura ndiye aliyeanza. “Uliila sahani?”

“Futari, mama. Haikufika. Nilijifungia nikala, nikaosha.”

“Sahani gani?” mwalimu akauliza kutoka mlangoni kwake.

“Alikuletea siku ya kwanza ya mfungo. Na alisema nikwambie Farida hana mama mmoja.”

Mwalimu akashika mwimo wa mlango. Nilitegemea kilio au kofi. Badala yake Bi Zuhura akanitazama kwa macho madogo, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie alimsemesha mwenzake, ingawa bado alikuwa ananitazama mimi. “Mwalimu. Wewe ulisema mie namnyima Farida chakula?”

“Nani? Mimi nilisema amekonda, naogopa anaumwa!”

“Na pilau langu la Ijumaa, kwamba limenuka mpaka shuleni?”

“Nilisema harufu yake imenifuata mpaka shuleni. Nilitamani! Na wewe, ulisema naringa na elimu?”

“Astaghfirullah! Nilisema mwalimu ana elimu, mie ningekuwa nayo ningeringa.” Akaweka ungo chini. “Festo. Kaimati ulikula zote?”

“Zote, mama.”

“Zilikuwa kumi na mbili. Nilizihesabu mwenyewe, sita zake na sita za kumwomba radhi.”

“Hata radhi kaila!” mwalimu akasema, na mdomo wake ukaanza kucheza.

“Mwalimu, huyu si mtu wa kwenu bara? Ndivyo mnavyowalea?”

“Wa kwetu? Alikuja hapa hajui kusema hata uongo wa kuchelewa kwa mvua. Kasomea hapa, nyumbani kwako, bibi!”

Basi wakacheka. Ilianza kama kikohozi kwa Bi Zuhura, ikamshika mwalimu, mpaka wakashikana mikono palepale juu ya ungo, wakilia na kucheka, wakinitaja kwa majina ambayo siwezi kuyaandika kwenye kitabu kitakachosomwa na wajukuu zangu. Farida alitoka nyuma ya pazia, akaninyang’anya foronya bila kunitazama, akamrukia mwalimu shingoni. Nimeona watu wakipatanishwa na wazee, na mahakama, na misiba. Hawa walipatana kwa sababu kila mmoja alikuwa na mengi ya kunisema, na mtu pekee aliyeyajua yote vya kutosha kumsikiliza alikuwa mwenzake. Vitabu vilifunguliwa kamba jioni ileile. Harusi ilifanyika palepale Kinondoni, na mwalimu alikaa chumbani na bibi harusi, mkono wa kulia.

Hukumu yangu ilisomwa kabla jua halijashuka. “Kwangu huli tena,” Bi Zuhura akasema. “Wala kwangu,” akasema mwalimu. Hawakunifukuza chumbani, nadhani walitaka nibaki karibu wanione. Nilikwenda dukani kwa Mzee Nassor nikanunua unga na mkaa, akanipimia mabega yakimcheza kwa kicheko. Kilichofuata ndicho kilichonijenga kuliko shule yoyote, maana mpishi wa ile hoteli ya Ulaya aliyenipandisha kutoka kuosha vyombo mpaka kupika, mshahara ukalipia masomo, hakujua kwamba nilianzia kwenye sufuria lile la uani. Lakini jioni ile sikujua lolote la mbele. Nilipuliza mkaa mpaka macho yakawa mekundu, nikamwaga unga wote kwa pamoja kwenye maji yaliyochemka, na ukafanya mabonge kama mawe. Wao walikuwa wametandika mkeka pembeni, wanafuturu kwenye sinia moja.

“Mwalimu, hebu mtazame. Anasonga ugali au anachimba kisima?”

“Mwache, ndiyo anajifunza. Festo! Punguza moto, mjanja!”

“Maskini, kaungua kidole. Mpelekee japo mchuzi.”

“Mimi? Mpelekee wewe, ni mpangaji wako.”

“Ni mtu wa kwenu juu. Nenda.”

“Nenda wewe, mimi nimekaa.”

Wakabishana hivyo mpaka adhana ya isha, na hakuna aliyenyanyuka. Niliula ugali wangu kwa chumvi, mbichi katikati, nimekaa kwenye ngazi. Na kila walipoangua kicheko nilijua wananicheka mimi, wote wawili, kwa neno moja lilelile.